Uzi Shingoni mwa Kiwavi

Kiwavi hugeuka nondo kwa amri ya homoni, na ushahidi wa kwanza wa jambo hilo ulipatikana kwa kipande cha uzi. Aliyeufunga ni Stefan Kopeć, mwanabiolojia wa Poland, na matokeo yake yalichapishwa Kraków mwaka 1917. Viwavi aliowatumia walikuwa wa Lymantria dispar, nondo anayeshambulia mialoni na miti mingine mingi ya Ulaya, ambaye dume na jike hawafanani rangi hata kidogo. Tofauti hiyo ndiyo iliyompa jina la dispar.

Damu ya mdudu haipiti kwenye mishipa kama ya binadamu. Imejaa mwilini kama maji kwenye kiriba, ikisukumwa na bomba moja tu linalopita mgongoni. Uzi ukikazwa katikati ya mwili, kiwavi anagawanyika kuwa vyumba viwili visivyopeana damu, na bado anaishi. Kopeć aliwafunga hivyo viwavi waliokwisha kujivua ngozi kwa mara ya mwisho kabla ya kuwa pupa, hatua iliyo kati ya kiwavi na nondo. Waliofungwa kabla ya takribani siku ya 10 walitoa kioja: nusu ya mbele iligeuka pupa, kahawia na ngumu, huku nusu ya nyuma ikibaki kiwavi laini mwenye miguu yake ya nyama. Waliofungwa baada ya siku hiyo waligeuka pande zote mbili, kana kwamba uzi haukuwepo.

Kilichotoka mbele kwenda nyuma kilikuwa nini, na kilitoka kwenye kiungo gani? Kopeć alitoa ubongo. Kiwavi aliyetolewa ubongo mapema aliendelea kuishi kwa majuma bila kuwa pupa; aliyetolewa baada ya ile siku ya 10 aligeuka kama wenzake. Akakata uzi wa neva unaounganisha kichwa na mwili, akaacha ubongo mahali pake: hakuna kilichoharibika. Kwa hiyo ujumbe haukupita kwenye neva. Ubongo ulimwaga kitu ndani ya damu, na kikishamwagwa cha kutosha, ubongo wenyewe haukuhitajika tena.

Neno homoni lilikuwa na umri wa miaka 12 tu wakati huo. Ernest Starling alilitumia hadharani London mwaka 1905 akizungumzia mwili wa binadamu na wanyama wenye uti wa mgongo. Kuhusu wadudu, wataalamu walikuwa wamekwisha kukata kauli kwamba hawana homoni. Sababu yao haikuwa ya kijinga. Mtu akihasiwa kabla ya kubalehe hapati ndevu wala sauti nzito, lakini kiwavi dume akiondolewa korodani hutoka akiwa nondo dume kamili, mwenye mabawa na papasi za kiume. Kopeć mwenyewe alikuwa amefanya majaribio ya aina hiyo. Wazo kwamba ubongo, kiungo cha kufikiri, unaweza kufanya kazi ya tezi lilizidi kuwatia shaka. Mwaka 1922 alilieleza tena jambo lilelile kwa Kiingereza katika jarida la Marekani, na bado wachache walisikia. Majeshi ya Ujerumani yalipoikalia Poland, Kopeć alikamatwa akiwa mateka, akapigwa risasi huko Palmiry nje ya Warsaw mwaka 1941. Wakati huo kazi yake ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kueleweka.

Aliyeirudisha mezani ni Mwingereza Vincent Wigglesworth, naye hakutumia nondo. Alikuwa na Rhodnius prolixus, kunguni mkubwa wa Amerika ya Kusini anayefyonza damu. Kunguni huyu ana faida ambayo kiwavi hana: katika kila hatua ya ukuaji anashiba mara moja tu, na tumbo likishatanuka, saa ya kujivua ngozi inaanza kuhesabu. Mwaka 1934 Wigglesworth alionyesha kwamba kunguni akikatwa kichwa mara baada ya kushiba hajivui, ingawa anaweza kuishi miezi mingi bila kichwa. Akikatwa siku kadhaa baadaye, anajivua. Akawaunganisha wawili wasio na vichwa, mmoja aliyekatwa mapema na mwingine aliyechelewa, ili wachangie damu. Wote wawili walijivua. Miaka miwili baadaye akaonyesha kwamba tezi ndogo zilizo nyuma ya ubongo, ziitwazo korpora alata, hutoa kitu kinachomzuia mdudu asikomae. Akapandikiza tezi hizo kutoka kwa mtoto hadi kwa kunguni aliyekaribia utu uzima, na mpokeaji akajivua akawa mtoto tena, jitu lenye umbo la utotoni. Kitu hicho kikaitwa homoni ya utoto.

Kwa nondo, vipande vilivyosalia vilipatikana haraka. Mwaka 1938 Mfaransa Jean-Jacques Bounhiol aliwatoa viwavi wa hariri korpora alata wakiwa bado wadogo, nao wakageuka pupa kabla ya wakati, pupa vibete na nondo vibete. Mwaka 1940 Soichi Fukuda wa Japani alionyesha kwamba kifuani mwa kiwavi huyohuyo kuna tezi nyingine ambayo bila hiyo hakuna kujivua wala kugeuka. Viungo vitatu, basi: ubongo, tezi za kifuani na korpora alata.

Kuviunganisha ilikuwa kazi ya Carroll Williams wa Chuo Kikuu cha Harvard. Alichagua Hyalophora cecropia, mmoja wa nondo wakubwa kabisa wa Amerika Kaskazini, ambaye hupitisha majira ya baridi akiwa pupa aliyelala ndani ya kifukofuko. Kwa Kiswahili neno pupa lina maana nyingine, ile ya haraka na tamaa. Huyu wa cecropia hana haraka yoyote. Akiwekwa kwenye joto la chumba tangu mwanzo, atalala miezi kwa miezi. Akiwekwa kwanza kwenye baridi ya takribani nyuzi 5 za Selsiasi kwa majuma kadhaa kisha akarudishwa kwenye joto, anaamka na kuanza kuumba mabawa.

Upasuaji wa Williams unastahili kutazamwa kwa karibu. Pupa alilazwa kwenye chombo kilichojazwa hewa ya kaboni dioksidi mpaka akalegea. Gamba la paji la uso lilikatwa dirisha la mraba, na chini yake damu ikaonekana imetuama kama kisima kidogo. Damu ya nondo ikikutana na hewa hugeuka nyeusi na kuua, kwa hiyo punje za dawa ya kuzuia weusi zilidondoshwa ndani. Ubongo mdogo sana ukaingizwa kwa koleo, dirisha likafunikwa kwa kipande cha plastiki angavu, na kingo zikazibwa kwa nta iliyoyeyushwa. Baada ya hapo mtafiti aliweza kuchungulia kila siku kupitia dirisha hilo na kuona jinsi nondo anavyojengeka.

Pupa aliyelala, ambaye hajapata baridi hata siku moja, aliamka alipopewa ubongo wa mwenzake aliyepata baridi. Baridi, basi, huuandaa ubongo. Mwili uliosalia unasubiri tu. Kisha Williams akakata pupa vipande viwili, akaziba jeraha kwa plastiki, akabaki na tumbo peke yake. Tumbo hilo lilipopewa ubongo, halikubadilika. Lilipopewa tezi za kifuani zilizolala, halikubadilika. Lilipopewa vyote viwili, likageuka tumbo la nondo, lenye magamba na manyoya yake, lisilo na kichwa wala mabawa. Ubongo huamsha tezi za kifuani, na tezi hizo ndizo zinazouambia mwili ugeuke. Kopeć alikuwa amegundua nusu ya kwanza ya sentensi.

Kilichobaki kilikuwa kuzishika homoni zenyewe. Nchini Ujerumani, Adolf Butenandt, aliyekwisha kutunukiwa Nobeli ya kemia ya mwaka 1939 kwa kazi yake juu ya homoni za jinsia, alishirikiana na kijana Peter Karlson. Malighafi yao ilikuwa kilo 500 za pupa wa hariri. Kipimo chao kilikuwa uzi uleule wa Kopeć: funza wa nzi alifungwa katikati, akadungwa sindano upande wa nyuma, na kama ngozi ya upande huo ilikauka na kuwa kahawia, basi kimiminika kile kilikuwa na homoni. Mwaka 1954, baada ya kuchuja na kuchuja tena, kilo 500 zilizaa miligramu 25 za fuwele. Wakaiita ekdisoni, kutokana na neno la Kigiriki la kujivua.

Ilichukua miaka 11 zaidi kujua umbo lake. Mwaka 1965 mionzi ya eksirei ilionyesha kwamba ekdisoni ni steroidi, jamaa wa testosteroni na estrojeni. Lakini mdudu hawezi kuitengeneza steroidi kutoka mwanzo kama afanyavyo binadamu. Anahitaji kupata kolesteroli au jamaa zake kutoka kwenye chakula. Kiwavi anayetafuna jani la mforosadi anakula pia malighafi ya homoni itakayomvua ngozi. Baadaye ikabainika kwamba ekdisoni ya Butenandt ni hatua ya kabla ya mwisho tu: mwilini inaongezewa kundi moja la oksijeni na hidrojeni, na hiyo iliyoongezewa ndiyo yenye nguvu.

Homoni ya utoto ilipatikana kwa bahati zaidi. Mwaka 1956 Williams alitangaza kwamba matumbo ya nondo dume wa cecropia, yakilowekwa kwenye etha, hutoa mafuta ya rangi ya dhahabu yenye homoni hiyo kwa wingi usiopatikana kwingine. Kwa nini nondo dume, ambaye amekwisha kukomaa, ajilimbikizie dawa ya utoto ni fumbo ambalo halikuwasumbua sana wanakemia wakati huo. Walifurahi tu kupata chanzo. Umbo la molekuli lilitangazwa mwaka 1967 na Herbert Röller na wenzake.

Hadi hapo homoni zilikuwa na majina na maumbo, lakini hakuna aliyejua zinafanya nini zikishaingia kwenye seli. Jibu la kwanza lilitoka kwa mdudu mwingine tena, Chironomus, mdudu mdogo anayefanana na mbu lakini asiyeuma. Tezi zake za mate zina kromosomu kubwa ajabu, zenye mistari inayoonekana wazi kwa hadubini ya kawaida, na hapa na pale mstari huvimba na kufumuka kama pamba iliyochambuliwa. Mwaka 1960 Ulrich Clever na Karlson walidunga ekdisoni kwenye funza wa Chironomus. Katika muda usiozidi nusu saa, vivimbe vilitokea mahali palepale panapovimba funza anapojiandaa kuwa pupa. Kivimbe ni jeni inayosomwa. Maana yake homoni ilikuwa imefika kwenye jeni na kuiwasha, na hii ilikuwa mara ya kwanza kwa steroidi yoyote, ya mdudu au ya binadamu, kuonekana ikifanya hivyo. Mwaka 1974 Michael Ashburner na wenzake waliongeza ngazi nyingine kwa kutumia nzi wa matunda: jeni chache zinawashwa moja kwa moja na homoni, kisha protini zake zinawasha jeni nyingi zaidi na kuzima zile za kwanza. Amri moja inashuka kwa daraja.

Miaka kumi kabla ya hapo, karatasi ya kupangusia mikono iliibadilisha historia hii. Mwaka 1964 Karel Sláma alitoka Prague kwenda kufanya kazi na Williams huko Harvard, akiwa na Pyrrhocoris apterus, kunguni mwekundu aliyemlea nyumbani kwake kwa miaka bila matatizo. Marekani kunguni hao walikataa kukomaa. Badala ya kuwa wazima baada ya hatua ya tano, walijivua kuwa watoto wa hatua ya sita, wengine ya saba, majitu ambayo yalikufa bila kuzaa. Maji yalichunguzwa, chakula kikachunguzwa. Mwishowe lawama ikaangukia kipande cha karatasi kilichowekwa ndani ya chombo ili wadudu wapate pa kutembea. Ndipo vipande vya magazeti vikaletwa. New York Times na Wall Street Journal viliwazuia kunguni kukomaa. Times ya London haikuwafanya lolote. Tofauti ilikuwa kwenye mti. Karatasi ya Marekani ilitengenezwa kwa sehemu kutokana na Abies balsamea, mti wa jamii ya misonobari unaokua Kanada na kaskazini mwa Marekani, ambao una kemikali inayofanana na homoni ya utoto. William Bowers aliitenga mwaka 1966. Inawapata kunguni wa familia ya Pyrrhocoris tu, ambayo ndiyo pia familia ya kunguni wekundu wanaochafua pamba mashambani Afrika Mashariki.

Williams aliona mbali, labda kupita kiasi. Mwaka 1967 aliandika kwamba dawa za kuua wadudu za kizazi cha tatu zitakuwa homoni za wadudu wenyewe, baada ya sumu za zamani kama arseniki na kizazi cha DDT, na kwamba mdudu hataweza kujenga usugu dhidi ya homoni yake mwenyewe. La kwanza lilitimia. Carl Djerassi alianzisha kampuni ya Zoecon huko Palo Alto mwaka 1968, na kemikali yake iliyoiga homoni ya utoto, methopreni, ilisajiliwa mwaka 1975. La pili halikutimia: mwaka 1986 Thomas Wilson na James Fabian walieleza nzi wa matunda aliyestahimili methopreni kwa kuharibika jeni moja. Wakaiita jeni hiyo Met. Usugu uliodhaniwa hauwezekani ndio uliokuja kuonyesha mlango wenyewe, kwa maana protini ya Met ilithibitishwa baadaye kuwa kipokezi cha homoni ya utoto.

Kasoro nyingine ya dawa hizi ilijulikana na mkulima yeyote aliyefikiri kidogo. Kumrefushia kiwavi utoto ni kumrefushia ulaji. Methopreni inafaa kwa mbu na viroboto, ambao wakubwa ndio wanaouma. Kwa viwavi wa mahindi au kabichi ni hasara. Kwa wafugaji wa hariri wa Japani, kinyume chake, kasoro hiyo ikawa faida: kiasi kidogo sana kikipakwa kiwavi wa hatua ya mwisho kwa siku inayofaa, anakula muda mrefu zaidi na kusokota kifukofuko kizito zaidi.

Kipimo kikizidi, faida hugeuka msiba, na Italia ya kaskazini ililiona hilo mwishoni mwa miaka ya 1980. Viwavi wa hariri walikula, wakanenepa, wakafikia siku ya kusokota, kisha hawakusokota. Waliendelea kutambaa juu ya matawi waliyoandaliwa, wakiwa wakubwa na weupe, mpaka wakafa. Chanzo kilifuatiliwa hadi fenoksikabu, dawa inayoiga homoni ya utoto iliyokuwa ikipulizwa kwenye bustani za matunda. Matone yaliyobebwa na upepo yalitua kwenye miforosadi ya jirani kwa viwango vidogo mno kumdhuru kiumbe mwingine, lakini kwa kiwavi wa hariri, ambaye homoni yake inapaswa kutoweka kabisa kwenye damu kabla ya kusokota, kiasi hicho kilitosha. Katika historia yote ya kemikali hizi, tukio hilo ndilo linaloonyesha vizuri kuliko jingine kwamba kinachoamua si sumu ni kali kiasi gani, bali imefika siku gani.

Siku hiyo ilikuwa imechunguzwa kwa makini kwa mdudu mmoja hasa, Manduca sexta, kiwavi wa kijani mwenye pembe mkiani anayekula tumbaku na nyanya huko Marekani. Frederik Nijhout na Williams walionyesha mwaka 1974 kwamba kiwavi huyo ana uzito wa maamuzi, takribani gramu 5 katika hatua ya mwisho. Akiupita, hata akinyimwa chakula ataendelea kuwa pupa kwa ratiba; chini ya hapo njaa humchelewesha. Korpora alata huacha kutoa homoni ya utoto, damu husafika, na ndipo ubongo huruhusiwa kutoa ishara yake usiku. Lynn Riddiford na James Truman walifuata kilichoendelea: mpigo mdogo wa kwanza wa ekdisoni, ukija bila homoni ya utoto, hubadilisha msimamo wa ngozi. Kiwavi huacha kula, huharisha matumbo yake yote, rangi ya mgongo hubadilika na bomba la damu huonekana likidunda chini ya ngozi, naye hushuka ardhini kutafuta pa kuchimba. Baada ya mpigo huo, ngozi haiwezi tena kutengeneza gamba la kiwavi. Mpigo wa pili, mkubwa, ndio unaoleta pupa.

Homoni ya ubongo, ile aliyoianza Kopeć, ndiyo iliyochelewa kushikwa. Nchini Japani, Hironori Ishizaki na wenzake walikusanya vichwa vya nondo wa hariri kwa mamia ya maelfu. Kipimo chao kilikuwa pupa wa nondo mwingine, Samia cynthia ricini, aliyetolewa ubongo. Katika miaka ya 1980 walifanikiwa kutenga protini ndogo iliyomwamsha Samia vizuri, ila nondo wa hariri mwenyewe, ambaye vichwa vyake ndivyo vilivyotoa protini hiyo, hakuamka. Walikuwa wametenga kitu kingine, ndugu wa insulini, kilichopewa jina la bombiksini. Ya kweli ilipatikana baadaye, na jeni yake ilisomwa mwaka 1990. Hutengenezwa na seli 4 tu, 2 kila upande wa ubongo.

Mwaka uliofuata maabara ya David Hogness ya Stanford ilitenga jeni ya kipokezi cha ekdisoni kutoka kwa nzi wa matunda. Kipokezi hicho hufanya kazi kikiwa wawili wawili na protini nyingine, na kinakaa juu ya DNA yenyewe kikisubiri homoni. Muda mfupi baadaye kilijulikana kwa nondo pia, na ndipo dawa iliyokuwa imekwisha kuvumbuliwa ikaeleweka. Watafiti wa kampuni ya Rohm and Haas walikuwa wameeleza mwaka 1988 kemikali isiyofanana kabisa na steroidi lakini yenye nguvu za ekdisoni. Toleo lililouzwa zaidi, tebufenozidi, huwapata viwavi wa nondo na vipepeo kwa nguvu huku likiwaacha nyuki na wadudu wengi wengine, kwa sababu kipokezi cha nondo kina mfuko unaolipokea barabara. Mwaka 1998 lilitunukiwa tuzo ya Marekani ya kemia isiyochafua.

Kiwavi aliyekula tebufenozidi huacha kula ndani ya saa chache. Mwilini mwake jeni za mwanzo wa kujivua zinawaka kama ilivyo kawaida, na gamba jipya linaanza kutandikwa chini ya la zamani. Kwa kawaida ekdisoni ingepanda kisha ishuke, na kushuka huko ndiko kunakowasha jeni za mwisho: za kukausha gamba, za kulitia rangi, na za homoni ya kumsukuma kiwavi atoke kwenye ngozi kuukuu. Tebufenozidi haishuki. Imekaa kwenye kipokezi, haimeng'enywi upesi, na jeni za mwisho hazipati zamu. Kiwavi anabaki na vichwa viwili, kofia ya zamani ikiwa imesogea mbele ya kichwa kipya kilicho laini, midomo imefungwa, na anakufa kwa njaa na kiu akiwa juu ya chakula.

Mimea ilikuwa imeugundua mchezo huo zamani. Ekdisoni za mimea zilianza kutengwa mwaka 1966 na Koji Nakanishi na wenzake huko Japani, kwa kiasi kikubwa kuliko cha mdudu yeyote. Mwaka 1981 Isao Kubo na wenzake walieleza athari za Ajuga remota, mmea mchungu unaotumiwa kama dawa ya homa Kenya: viwavi wa hariri na funza mwekundu wa pamba walioula walijivua ndani kwa ndani mpaka wakawa na kofia tatu za kichwa, moja juu ya nyingine. Mwarobaini nao una azadiraktini, iliyotengwa mwaka 1968, ambayo huvuruga utoaji wa homoni ya ubongo na kupunguza ekdisoni, na mdudu akashindwa kujivua. Umbo lake gumu lilithibitishwa mwaka 1985, na kuitengeneza maabara kulikamilika mwaka 2007. Mkutano wa tatu wa kimataifa wa mwarobaini ulifanyika Nairobi mwaka 1986, mji ambao tangu mwaka 1970 una kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe. Mwanzilishi wake, Thomas Odhiambo, alisomea Cambridge chini ya Wigglesworth mwenyewe, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ni uchunguzi wa korpora alata ya nzige. Uzi wa Kopeć ulifika Kenya kwa njia hiyo fupi.

Baada ya mfululizo wa jenomu ya kiwavi wa hariri kutangazwa mwaka 2004, maswali yaliweza kuulizwa kwa kukata jeni. Homoni ya utoto ikishika Met, jeni iitwayo Kr-h1 huwaka na kuzuia zile za ukomavu. Ikitoweka, jeni ya broad hujenga pupa, kisha E93 humjenga mdudu mzima. Mpangilio huo ulipendeza mpaka mwaka 2015, Takaaki Daimon na wenzake walipotengeneza viwavi wa hariri wasio na homoni ya utoto kabisa. Kwa nadharia ya zamani wangepaswa kugeuka pupa mara baada ya kuanguliwa. Hawakugeuka. Hatua ya kwanza na ya pili walizipita wakiwa viwavi wa kawaida, na dalili za kutaka kuwa pupa zilianza hatua ya tatu. Kwa hiyo kitu kingine kilikuwa kikiwalinda utotoni. Mwaka 2022 Truman na Riddiford, wakitumia nzi wa matunda, walionyesha kwamba jeni ya chinmo ndiyo inayoshikilia umbo la funza: ikiondolewa, broad huwaka mapema, na tishu za mdudu mzima huanza kujiunda ndani ya funza ambaye bado hajamaliza kula.